Buku la ubatizo lisifungiwe kabatini

Familia zilizotawanyika kutoka Kolwezi zinarudi na swali moja: jina la babu liko wapi? Anayeuliza anakuja na picha ya mzee mwenye kofia ya mgodi, pengine na namba ya matrikuli na jina la kampo. Dirishani anaambiwa arudi kesho, mwenye ufunguo hayupo. Kesho naye hayupo.

Hawatafuti ukoo kwa kujisifu. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, ni kwenda tribinali kuomba hukumu ya kushika nafasi ya cheti. Mbele ya jaji, ukurasa wenye jina la baba na mwaka una uzito kuliko maneno ya shangazi, hata kama shangazi hadanganyi.

Na karatasi zipo. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilitafuta wafanyakazi Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi na ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikaanza kuwataka wakae kampo pamoja na wake na watoto, na hapo familia nzima ikaingia kwenye fishi. Mwaka 1967 serikali ilichukua kompanyi, ile inayoitwa leo Gécamines. Sehemu ya maandishi ya Union Minière imewekwa kwenye hifadhi ya taifa huko Brussels, mbali na wajukuu wa waliochimba.

Kwa Wakatoliki kuna buku la ubatizo: jina la mtoto, wazazi, msimamizi. Kanisa pia linataka ndoa iandikwe pembeni mwa ukurasa ule ule wa ubatizo, hata ikifungwa mbali. Aliyebatizwa Kolwezi akaoa Mwene-Ditu, habari yake inapaswa kurudi Kolwezi. Mstari mmoja mdogo pembeni unaweza kuonyesha familia ilikimbilia wapi.

Kuna nchi iliyojifunza thamani ya mabuku hayo kwa kuungua. Ayalandi si jina geni huku: askari wake wa Umoja wa Mataifa ndio waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, Septemba 1961. Mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini Dublin iliteketea. Wanaotafuta babu zao wa Ayalandi wanashikilia vilivyopona: hesabu za watu za 1901 na 1911, na mabuku ya parokia za Kikatoliki, ambayo Maktaba ya Taifa iliyaweka kwenye intaneti bure mwaka 2015. Miaka 100 baada ya moto, walikuwa bado wanaokota nakala kwenye nyumba za watu wengine.

Na wao wanasumbuliwa na majina. Makarani Waingereza waliyaandika kama walivyoyasikia, kama Wabelgiji walivyofanya Katanga. Hapa Mobutu aliongeza lake mwaka 1972 alipofuta majina ya Kikristo. Anayemtafuta mzee kwa jina alilozikwa nalo atapita juu ya Joseph yule yule mara tatu asimwone. Namba ya matrikuli haikuwa na uauthentiki; ianzwe hiyo.

Lakini si kila kitu cha Ayalandi kinafaa kuigwa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, Kolwezi ikiwemo, wakalala kwenye stesheni wakingoja treni. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Kilichowafukuza ni neno moja: asili. Kwenye fishi na vitambulisho neno hilo lina mahali pake. Kuanika orodha nzima kwenye simu ya kila mtu, katika jimbo ambalo siasa bado inauliza nani mzaliwa na nani mgeni, ni kumpa kijana mwenye panga anwani. Mabuku yapigwe picha yote, yatunzwe mahali pawili, na mtu apewe ukurasa wa ukoo wake tu. Apewe bila kuulizwa kabila, na bila ile "bahasha ndogo".

Pesa si kisingizio. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inazipa komini na sekta asilimia 15 ya malipo yanayotozwa juu ya madini yanayouzwa. Katika mji wa kobalti, kabati la chuma na kamera havikosi kwenye fungu hilo. Komini za Dilala na Manika zianze na mabuku ya zamani kabla mvua hazijaanza, maana mchwa hawangoji bajeti.

Familia iliyo mbali iandike sasa, mzee angali hai: namba ya kazi, kampo, mwaka wa ubatizo, jina la msimamizi, na majina yote aliyowahi kuitwa, hata lile la utani mgodini.