Sindano Isubiri Picha

Mwandishi anayetaka hospitali zisizo na CT-Scan ziwape wagonjwa wa kiharusi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kutegemea kipimo cha damu peke yake, ameanza kushangilia kabla mtumbwi haujafika ng'ambo.

Sayansi anayoitaja ni ya kweli. Protini iitwayo GFAP hukaa ndani ya seli za ubongo, astrosaiti. Mshipa ukipasuka, seli hizo hubomoka ghafla na protini huingia kwenye damu mapema. Mshipa ukiziba, seli hufa taratibu na protini huchelewa kuonekana. Hapo hatubishani.

Tatizo ni hesabu, ambazo yeye kazipita kimya. Utafiti wa Foerch na wenzake wa Ujerumani, uliochapishwa 2012, ulipima wagonjwa 205 ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Kipimo cha GFAP kilinasa takriban asilimia 84 ya waliovuja damu ubongoni. Maana yake, katika kila 100 wa aina hiyo, kama 16 wangehesabiwa kuwa mshipa umeziba tu, kisha wachomwe alteplase, dawa hiyo ya kuyeyusha damu, ambayo kwao ingezidisha kuvuja. Kuvuja kudogo hutoa protini kidogo, ndiyo maana huponyoka. Halafu kuna uvimbe wa ubongo, nao huweza kuipandisha GFAP bila kiharusi chochote!

Kipimo kina kazi. Kiwekwe kwenye gari la wagonjwa, kisaidie kuamua nani akimbizwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye wapasuaji wa ubongo. Kuruhusu sindano bila picha, hapana.