Kabla ya Kumkabidhi Fundi Turbo

Fundi anayekutajia bei kabla hajauliza turbo ya zamani ilikufaje, mwache. Shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kufika au ikiwa chafu, beringi huliwa upesi. Ukifunga mpya bila kusafisha au kubadilisha paipu ya oili iliyoziba, nayo itakufa vilevile. Gerezani, Dar es Salaam, kuna mafundi hodari ninaowaheshimu sana, lakini shafti na feni za turbo hazibalansiwi kwa macho. Omba uoneshwe mashine ya kubalansi, udai na karatasi ya vipimo. Na anayekuahidi presha zaidi bila kutaja dizeli wala upoozaji wa injini, anazihatarisha pistoni zako.