Nani Kasema Mvinyo ni wa Wenye Pesa?

Kuna imani imeota mizizi mijini kwetu kwamba kuonja mvinyo ni starehe ya mabalozi na wakurugenzi. Mtu wa mshahara wa kawaida akitaja safari ya kwenda kuonja mvinyo na marafiki zake, anaulizwa ameokota wapi pesa. Ndani ya imani hiyo imo nyingine iliyo mbaya zaidi: kwamba mvinyo wa maana sharti utoke Ufaransa au Afrika Kusini, na kwamba wa Dodoma ni wa kujisitiri tu hela ikipungua. Nazikataa zote mbili.

Agosti tulifunga safari, watu watano: walimu wawili, muuguzi, fundi umeme na mimi. Tulichanga kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kama watu wa vikoba. Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, daraja la kawaida, ni shilingi 31,000, na hata saa nne haziishi umeshashuka. Tukalala gesti safi. Asubuhi tukakodi Noah ya kutwa, tukakubaliana na dereva tangu mapema kwamba yeye ni soda tu mpaka jioni. Njia ikatupeleka Hombolo, mwendo wa kilomita kama 40 kutoka mjini.

Watu wengi hawajui kwamba mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na kuanzia mwezi wa nane. Ulaya baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima anaulaza mwenyewe kwa kuunyima maji, kisha anaupogoa ili uamke upya. Ni ujuzi wa watu waliouishi. Wamisionari Wakatoliki walileta mizabibu Bihawana, hukohuko Dodoma, katika miaka ya 1950, wakitaka divai ya misa, na Wagogo waliozoea uwele na mtama wakaifanya mizabibu kuwa zao lao.

Shambani tulimkuta mzee mmoja na mkasi mkononi, kreti miguuni. Tukamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akacheka kwa matamshi yetu. Alikata kichala cha zabibu nyeusi, akakipeperusha vumbi kwa pumzi, akatupa tuonje.

"Mzee, mavuno yamekwendaje?"

"Mavuno mazuri, wanangu. Mnunuzi ndiye simwoni. Na zabibu haisubiri."

Asiyempata mnunuzi wa zabibu anajaribu kukamua na kuuza mchuzi, kama wanavyouita wenyewe. Asipompata wa mchuzi, jasho la msimu mzima linaoza. Yule mzee alituonyesha mistari miwili ambayo hajaichuma, vichala vimeanza kusinyaa, nyuki wamevijaa.

Ndiyo maana imani ya kwamba mvinyo wa maana ni wa ng'ambo inanikera. Hoteli za mjini zinakuuzia glasi moja ya mvinyo kutoka ng'ambo kwa pesa ambayo ingekupa chupa nzima ya Dodoma, nasi tunalipa kwa furaha kwa sababu lebo imeandikwa lugha tusiyoielewa.

Na wanaodhani bei ni shahidi wa ladha, mambo yaliyokwisha kutokea yanawapinga. Mwaka 1976, mjini Paris, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza, Steven Spurrier, aliwaketisha waonjaji wa Kifaransa wenye majina makubwa, akawamiminia bila kuwaonyesha chupa. Mvinyo mweupe na mwekundu iliyopata alama za juu yote miwili ilitoka California, mahali ambapo wakati ule Wafaransa walikuwa hawapahesabu. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya uonjaji zaidi ya 6,000 wa namna hiyohiyo, bei imefichwa. Watu wasiosomea mvinyo hawakuupenda ule wa bei kubwa zaidi ya ule wa bei ndogo. Kwa kiasi kidogo, ule wa bei kubwa waliupenda pungufu.

Wengine watasema kuonja kunataka elimu. Katika kiwanda kidogo tulichoingia mchana ule, binti wa kiwandani alipanga glasi mezani, akaanza na mvinyo mweupe, akamalizia na mwekundu wa zabibu ya Makutupora. Alituambia tuzungushe, tunuse, tuushike mdomoni kabla ya kumeza. Muuguzi wetu, ambaye hakuwahi kuonja mvinyo maishani, alikunja uso akasema, "Huu una ukakasi wa bibo." Binti akaitikia kwa kichwa: ndiyo, ni ukakasi, unatoka kwenye maganda na mbegu. Mtoto huyu wa Mtwara aliyekula mabibo tangu utotoni alikuwa na neno sahihi kinywani mwake kabla ya kufundishwa. Anayejua ukwaju, embe changa na asali ya nyuki wadogo ana kamusi yote anayoihitaji.

Sitamdanganya msomaji kwamba kila chupa ya Dodoma ni nzuri. Tulionja mmoja uliojaa sukari mpaka ladha ya zabibu ikapotea, na tulimwambia muuzaji wazi. Zabibu iliyochumwa haijaiva haiokolewi na mtaalamu yeyote. Lakini mtengenezaji atajirekebisha vipi ikiwa watu wake hawanunui, hawaonji, hawalalamiki? California nayo haikupandishwa na watu wa Paris peke yao. Watu wake walikuwa wanaunywa mvinyo wao kwanza.

Jioni tulikula nyama choma, tukagawana chupa mbili watu wanne, maana fundi umeme alisinzia mapema, dereva na soda yake. Kila mmoja alirudi Dar na chupa mbili begani, na hakuna aliyekopa nauli.

Basi wewe unayekunywa, changa na wenzako sasa. Mavuno ya mwezi wa nane yakifika, pandeni treni mwende Hombolo, mkaulize bei kwa mkulima mwenyewe.