Meli Zetu za Vipande Si Vyuma Chakavu

Leo sitaandika kuhusu programu. Nina hasira kidogo, na hasira yenyewe inahusu chuma.

Kuna magari yanayouzwa yakiwa vipande ndani ya masanduku, mnunuzi akayaunganishe mwenyewe nyumbani. Kule Uingereza, Lotus Seven ya mwaka 1957 iliuzwa hivyo ili mnunuzi aepuke kodi. Leo mtu akilikuta moja ghalani, limejaa vumbi lakini nati zote ni zile za kwanza, wapenzi wa magari humpongeza kama aliyeokota dhahabu. Hakuna anayemuuliza litatoa kilo ngapi.

Sasa twende bandarini Kisumu. Sisi magari hayo hatuna, lakini tuna meli za namna hiyo hiyo. SS William Mackinnon iliundwa Scotland ikaletwa vipande vipande. Sehemu ya safari ilibebwa na wapagazi, maana reli haikufika Kisumu hadi mwaka 1901, na meli ilishaelea ziwani mwaka 1900. Baadaye zikaja SS Nyanza ya 1907 na SS Rusinga ya 1914, zote kutoka karakana ya Bow, McLachlan mjini Paisley, Scotland.

Utaratibu ulikuwa huu. Meli inaunganishwa kule kwa bolti, kila kipande kinaandikwa namba, kisha yote inafunguliwa. Vipande vinasafirishwa hadi Mombasa, vinapanda treni, na mafundi wa Kisumu wanavifunga upya kwa kufuata namba. Ndugu zangu waandika programu, mnaona? Hayo ni maelezo ya mfumo, tena yameandikwa juu ya mfumo wenyewe!

Halafu unamsikia mtu na suti yake akisema, "Hizo kutu ziuzwe kwa kilo." Eti huo ndio usasa.

MV Uhuru nayo iliundwa na Yarrow kule Glasgow, ikaunganishwa Kisumu katikati ya miaka ya 1960. Ina urefu wa mita 90 hivi, na reli ndani yake za kubebea mabehewa. Ikaja kulala gatini zaidi ya miaka 10, na wengi wetu tulikwisha kuizika. Mafundi wakaifufua, na mwishoni mwa 2019 ikavuka tena hadi Port Bell, Uganda. Kama ingekatwa miaka ile, wangefufua nini?

Simhukumu mtu, maana kosa hili nimelifanya mwenyewe. Mteja mmoja aliniita nibadilishe mfumo wake wa zamani wa hesabu za ghala. Niliucheka, nikaufuta, wala sikuweka nakala. Mwezi wa pili hesabu zikakataa kukubaliana. Kumbe ule mfumo ulijua kiasi ambacho gunia la mahindi hupungua uzito likikauka. Mzee aliyeuandika alikuwa amekwisha kufariki. Tulikaa wiki nzima tukipima magunia kama wanafunzi.

Mtaniambia meli hizi ni masalio ya mkoloni. Sawa, mkoloni aliziagiza. Lakini waliobeba vyuma na kupiga ribiti ni babu zetu, na ukikata chuma unafuta kazi yao, si yake. Mtaniambia pia kuunda mpya ni bora. Nami naipenda MV Uhuru II, iliyoundwa hapa hapa Kisumu. Ila fundi wa meli mpya hujifunza kwa kufungua ya zamani.

Sidai kila chombo kirudi majini. Nadai mambo matatu kabla ya mtu kuwasha gesi ya kukatia. Kwanza, kila kipande chenye namba kipigwe picha. Simu yako inatosha. Pili, michoro iliyobaki kabatini iskaniwe na iwekwe wazi, wanafunzi wa Maseno waisome bila kuomba barua. Tatu, wazee wa karakana warekodiwe wakingali na sauti.

Gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya hotelini kuhusu ubunifu.

Kitu cha zamani kilichokamilika si takataka. Takataka ni uvivu wetu wa kukisoma. Asiyekubali na aje tubishane, samaki nitanunua mimi.