Mshono wa Mama na Mtungi wa Maji

 

Juzi katika kipindi cha Bayolojia mwalimu alitufundisha habari za seli shina. Hizi ni seli changa zinazoweza kugeuka zikawa seli za aina nyingine. Baadhi yake hupatikana kwenye kitovu na kondo la nyuma. Alitueleza kwamba huko Uchina wataalamu wamezijaribu kwenye makovu ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa namfikiria dada yangu.

Dada alipasuliwa akapata mtoto wa kike, salama salimini. Alirudi nyumbani hapa Taru na onyo moja: kwa wiki 6 asiinue kitu kizito kumshinda mtoto wake. Siku ya tisa maji yakaisha. Lambo liko mbali, na mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa zaidi ya kilo 20. Alikwenda yeye. Mimi nilikuwa likizoni, nimekaa zangu chini ya mkwaju nasoma kitabu. Sikuinuka, maana nilidhani kuteka maji ni kazi ya wanawake. Jioni mshono ukaanza kutoa majimaji. Baada ya siku mbili ulikuwa usaha na homa kali, ikabidi arudishwe kulazwa.

Sisemi kwamba sayansi haina maana. Lakini tiba hiyo ya seli shina kwa mshono wa uzazi bado ni jambo la majaribio, na atakayekuuzia leo akidai ni dawa tayari, mwulize ushahidi. Tena ngozi yetu wenyewe ina seli shina zake. Ndizo zinazosaidia kuziba jeraha. Zinahitaji nini? Usafi, chakula na mapumziko.

Mwaka 1879, Robert Felkin alishuhudia mganga wa Bunyoro, Uganda, akimpasua mama ili azae. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akalifunga jeraha kwa pini za chuma, akapaka dawa ya mizizi. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Felkin aliyaandika hayo mwaka 1884. Wazee wale hawakuwa na maabara, ila walijua usafi na uangalizi. Siku hizi tuna zaidi: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama apewe dawa ya kuua viini kabla ya kupasuliwa. Lakini dawa hiyo haibebi mtungi.

Kuna watakaosema, "Shida yetu ni ukame, si wavulana." Kweli, Taru ni kukavu, na serikali ya kaunti yafaa ituletee mabomba hadi vijijini. Lakini mpaka bomba lifike, mtungi utabebwa na nani? Na aliyeshonwa tumbo?

Basi wavulana wenzangu, nawaomba hivi. Kukiwa na mzazi nyumbani, maji tuteke sisi kwa wiki zote 6. Tuoshe mikono kabla ya kumpokea mtoto. Tusikubali mshono upakwe majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Tukiona wekundu, usaha, harufu mbaya au homa, tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dada alipona, ingawa kovu lake ni pana na hulitazama kila akioga. Siku hizi nateka maji mimi. Wako wanaonicheka njiani, eti nimegeuka mwanamke. Wacheke tu. Kalamu naiweka chini, mtungi unaningoja.

Mwanachama, Kidato cha Nne