Maziwa ya unga: picha ya ng'ombe inasomwa na wote, etiketi na wachache

Katika maduka na masoko ya Beni, Butembo na Bunia, mnunuzi wa maziwa ya unga hutazama bei, picha ya ng'ombe na, akiwa mwangalifu, tarehe ya mwisho. Ni wachache wanaogeuza sashe ili kusoma maandishi madogo ya nyuma. Lakini hapo ndipo inajulikana kama ni maziwa kamili ao ni mchanganyiko.

Sashe mbili zinaweza kufanana kwa rangi na picha. Moja imeandikwa kwa Kifaransa « lait entier en poudre »: ni maziwa yenye mafuta yake yote. Nyingine inataja « matière grasse végétale », yaani mafuta ya mimea. Hapo mafuta ya maziwa yametolewa, mara nyingi kwa kutengeneza siagi, na mahali pake pametiwa mafuta ya bei nafuu, hasa mawese. Ndiyo sababu bei inashuka.

Bidhaa hiyo si sumu wala si ya magendo. Codex Alimentarius, kanuni za chakula za FAO na OMS, inaitambua na ina masharti yake. Hatari inaanza pale mzazi anapoikoroga na kumpa mtoto mchanga. Hata maziwa kamili ya unga hayakutengenezwa kwa ajili yake. OMS inashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 ao zaidi.

Kwa anayejua kusoma Kifaransa, kanuni moja inasaidia: vitu vilivyo ndani vinaorodheshwa kufuatana na uzito, kizito kikiwa cha kwanza. Kama sukari inatangulia kwenye sashe ya unga wa uji, basi ndani yake sukari ndiyo nyingi kuliko vingine vyote.

Je, asiyejua Kifaransa? Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, lakini Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Kwenye bidhaa nyingi zinazotoka ngʼambo, Kiswahili hakipo kabisa.

Kuna pia wale ambao hata etiketi hawaioni. Mwenye pesa kidogo ananunua maziwa yaliyopimwa kwa kijiko na kufungwa katika kisashe cha plastiki kisicho na neno lolote. Jina, tarehe na onyo kuhusu watoto wachanga vinabaki kwenye gunia, nyuma ya muuzaji.

Kwa hiyo kutafsiri etiketi peke yake hakutoshi. Gunia likionyeshwa wazi mbele ya mnunuzi, na muuzaji akijua kusema « haya ni mchanganyiko, si ya mtoto mchanga », familia zenye kipato kidogo zitajua zinachonunua.