Risala ya Wakazi wa Kilwa na Mwambao wa Lindi Kuhusu Takwimu Tunazotajwa Nazo Majukwaani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, walimu, wauguzi, viongozi wa dini, wazee wetu na ndugu wananchi,

 

Tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Umezoea kusomewa risala za maji, barabara na madawati. Leo tumekuja na jambo la takwimu. Kila msimu wa kampeni ukifika, husimama mtu jukwaani akasema Lindi inaongoza kwa mimba za utotoni, kisha akamalizia kwamba chanzo ni ngoma na unyago. Hasemi nani alihesabu, mwaka gani, wala walihesabiwa akina nani. Makofi yanapigwa, msafara unaondoka, sisi tunabaki na sifa mbaya.

Hatukuja kukana tatizo. Wapo mabinti zetu waliokatishwa masomo kwa mimba. Tunawajua kwa majina na tunalea watoto wao. Ndiyo maana tunadai ukweli kamili: ugonjwa uliopimwa vibaya hutibiwa vibaya.

MALALAMIKO YETU

1. Nafasi tunayopewa haipo kwenye vitabu. Katika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2015–16, mikoa mitano iliyokuwa juu kwa mimba za wasichana wa miaka 15–19 ilikuwa Katavi (asilimia 45), Tabora, Dodoma, Mara na Shinyanga. Mwaka 2022 ilikuwa Songwe (asilimia 45), Ruvuma, Katavi, Mara na Rukwa. Lindi haimo katika tano hizo mara zote mbili. Ruvuma tunashirikiana nayo mila, hilo tunakiri. Lakini kama unyago ndio chanzo, Songwe na Katavi zilifikaje kileleni?

2. Tunahukumiwa kwa takwimu kuukuu. Kwa ndoa za utotoni, utafiti wa 2010 uliiweka Lindi nafasi ya tano kwa asilimia 48, nyuma ya Shinyanga, Tabora, Mara na Dodoma. Nafasi hiyo tunaikubali, ni ya kusikitisha. Ila waliohojiwa walikuwa wanawake wa miaka 20–24 wakati huo, wakihesabiwa walioolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Leo wote wamevuka miaka 30. Anayeitumia takwimu hiyo kueleza hali ya binti aliye darasani leo anazungumzia kizazi cha mama yake.

3. Tofauti ndogo zinakuzwa. Katika orodha hiyo Mbeya ilifuata kwa asilimia 45. Utafiti wa 2022 ulihoji wanawake 15,254 katika mikoa 31, yaani wastani wa chini ya 500 kwa mkoa, na wasichana wa miaka 15–19 ni sehemu tu ya hao. Kwa idadi hiyo, tofauti ya asilimia mbili tatu haitoshi kumtangaza wa kwanza na wa pili. Tena mikoa yenyewe imeongezeka: Katavi, Geita, Simiyu na Njombe zilianzishwa 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya 2016. Nafasi ya tano ya jana si nafasi ya tano ya leo.

4. Idadi ya watu inasahauliwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 864,652 mkoani Lindi. Ya 2022 ikahesabu 1,194,028. Tuchukue mfano wa matukio 1,000. Ukigawa kwa idadi ya zamani unapata matukio 116 kwa kila watu 100,000. Ukigawa kwa idadi mpya unapata 84. Matukio ni yaleyale, lakini mkoa umeshachafuliwa.

5. Msema kweli ndiye anayebanwa. Katika shule moja ya kata, mwalimu mkuu aliandika kwenye taarifa yake ya mwezi kila msichana aliyeacha masomo, na sababu yake: huyu mimba, yule alikuwa amepanga geto kwa kuwa kwao ni mbali na bweni hakuna. Akaitwa kikaoni, akaulizwa kwa nini kata yake inaongoza. Mwezi uliofuata safu ile ilijaa sufuri. Kata ikapongezwa, na wale mabinti wakakosa wa kuwafuatilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkoa huu unajua hasara ya hesabu za haraka. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. Nachingwea ikawa miongoni mwa mashamba makuu, pamoja na Kongwa na Urambo. Mvua na udongo havikuwa vimepimwa vya kutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Leo mkulima wetu wa ufuta hakubali kilo zisizopita kwenye mizani mbele ya macho yake. Kwa nini akubali takwimu za binti yake ambazo hazikupimwa mbele ya mtu yeyote?

MADAI YETU

1. Kila kiongozi au mgombea anayeutaja mkoa wetu kwa nafasi aseme nani alipima, lini, alipima watu gani, na mkoa unaofuata uko mbali kiasi gani. Akikosea, asahihishe jukwaani, kama alivyokosea jukwaani.

2. Halmashauri zibandike kila robo mwaka, kwenye mbao za matangazo za kata, idadi ya wasichana walioandikishwa, walioacha, na waliorudi shuleni kwa ruhusa iliyotolewa na Serikali Novemba 2021.

3. Maombi ya taarifa yajibiwe ndani ya siku 30, kama inavyotaka Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Kifungu cha 2018 kilichofanya kupinga takwimu rasmi kuwa kosa la jinai kiliondolewa 2019. Basi mwananchi anayeuliza asiitwe mchochezi.

4. Mwalimu na muuguzi wanaoripoti kwa ukweli walindwe na wapongezwe.

5. Anayetaja nafasi yetu ataje na fedha: mabweni mangapi, wapi, bajeti ya mwaka gani.

6. Wabunge watueleze walichofanya kuhusu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Oktoba 2019, iliyothibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, ni kinyume cha Katiba. Hawawezi kulaumu makungwi huku sheria ikiachwa vilevile.

Kwa upande wetu, wazazi tutatoa ushahidi mahakamani bila kumalizana kifamilia, na makungwi wamekubali kuufanya unyago wakati wa likizo tu.

Tunaomba majibu ya madai haya kwa maandishi, yasomwe hadharani mbele ya wananchi hawahawa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wazazi, walimu, makungwi na vijana wa Kilwa na mwambao wa Lindi